Nisome barua za seva ya ofisi kwa njia gani: IMAP, EWS au Graph? Naomba mawazo kabla sijaenda mbali

BintiKurasini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakala wa forodha hapa Dar, tupo kama watu 40. Nyaraka zote za mizigo zinaingia kwa barua pepe kwenye sanduku moja la pamoja. Kwa siku ni kati ya 300 na 400: B/L (hati ya shehena ya meli), ankara, orodha za vifungashio, vyeti vya asili ya bidhaa. Makarani watatu kazi yao tangu asubuhi ni kufungua barua, kupakua PDF, kuibadilisha jina, kuiweka kwenye folda ya mteja, halafu kuandika namba ya B/L kwenye mfumo wetu. Nimekaa nao siku mbili nzima na saa mkononi. Barua moja isiyo na tatizo inakula dakika nne mpaka tano. Namba ikikosewa, kontena linabaki bandarini, tozo zinaanza kupanda, na anayeulizwa ni karani.

Ninachotaka: programu isome sanduku hilo, itoe viambatisho, itafute namba ya B/L, ijaze rasimu kwenye mfumo, karani abaki na kazi ya kuhakiki. Programu itakaa kwenye mashine nyingine ya Linux, si kwenye seva ya barua yenyewe.

Hali ilivyo kwa sasa: seva ni Exchange 2016 (programu ya barua ya Microsoft), ipo hapa hapa ofisini. Microsoft waliacha kulihudumia toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025, na mkurugenzi ameshasema tutahamia Exchange Online, ile inayokaa kwenye seva za Microsoft wenyewe. Nikiuliza namna ya kuisoma kutoka mbali napata majibu matatu, IMAP (itifaki ya kawaida ya kusoma barua kwenye seva), EWS (mlango wa Exchange yenyewe) na Graph (mlango mpya wa Microsoft kwa huduma zao za mtandaoni), na kila anayejibu anasifia aliyoizoea.

Jana usiku nilijaribu IMAP kwa Python, ile maktaba yake ya imaplib. Ndani ya saa mbili ilikuwa inasoma, nikalala na furaha. Leo saa mbili asubuhi dada mmoja wa makarani akanipigia: "Barua za usiku ziko wapi?" Zilikuwepo, ila zote 212 zilionekana zimeshasomwa. Wao wanafuata zile zenye wino mzito. Hizo ndizo kazi ya siku. Tumekaa mpaka saa sita tukizipitia moja moja kwa muda wa kuingia. Iliniuma sana, kwa sababu wale dada walinipokea vizuri na mimi ndiye niliyewavurugia.

Nianze na ipi?

FundiSeva

Pole dada. Kabla ya mjadala wowote, rekebisha hilo usiku huu.

IMAP ukiiomba `BODY[]` au `RFC822`, seva inaipa barua alama ya `\Seen` (imeshasomwa). Ndivyo itifaki ilivyoandikwa, seva haijakosea. Omba `BODY.PEEK[]`: maudhui ni yale yale, alama haiguswi. Tena fungua folda kwa amri ya EXAMINE badala ya SELECT. EXAMINE inafungua kwa kusoma tu, kwa hiyo hata ukipitiwa huko mbele, alama za barua zinabaki kama zilivyo. Kwenye imaplib ni hivi:

`M.select("INBOX", readonly=True)`
`M.uid("FETCH", uid, "(BODY.PEEK[])")`

Hiyo `readonly=True` ndiyo EXAMINE. Na ona nimetumia `uid` (namba ya barua isiyosogea nyingine zikifutwa), si `fetch` ya kawaida. Namba za kawaida ni nafasi ya barua kwenye folda. Karani akifuta barua ya kumi, ya kumi na moja inakuwa ya kumi, na wewe katikati ya kazi unapakua barua usiyoikusudia.

chuma_cha_reli

Kwa seva ya Exchange mimi nisingegusa IMAP. Exchange ina mlango wake, EWS, tangu toleo la 2007. Kabla yake watu walitumia WebDAV, iliyokuja na Exchange 2000 ikaondolewa kwenye Exchange 2010, na EWS ndiyo iliyorithi kazi.

Faida ni hizi. Inapita HTTPS kwenye poti 443 ambayo tayari iko wazi kwa ajili ya Outlook, huhitaji kumwomba mtu wa mtandao akufungulie kitu. IMAP kwenye Exchange haiwaki yenyewe, kuna huduma mbili za kuwasha kwa mkono. Pia EWS inakupa kalenda, anwani na kazi za kufanya, IMAP inakupa barua tu.

Kubwa zaidi ni `SyncFolderItems`. Unaipa kamba ya maandishi inaitwa `SyncState` uliyopewa mara ya mwisho, inakujibu: tangu hapo zimeongezeka hizi, zimebadilika hizi, zimefutwa hizi, mpaka 512 kwa mkupuo. Huhitaji kukisia. XML yake ni ndefu, sikatai, lakini kuna maktaba nzuri ya Python inayokuficha na hiyo XML.

Nyamagana255

Mkuu @chuma_cha_reli, uliyosema ni kweli kwa seva iliyopo leo. Lakini dada amesema wanahama.

Microsoft walitangaza mwaka 2018 kwamba hawataiongezea EWS kitu kipya. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba kuanzia Oktoba 2026 wataanza kuizima kwenye Exchange Online. Kwa mwenye seva yake mwenyewe inaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo akiandika EWS leo, siku ya kuhama anaandika upya.

Wale wanaomwambia aanze na Graph moja kwa moja nao hawajamsikiliza. Graph haioni sanduku lililo kwenye seva ya ofisini. Angeandika programu nzuri isiyo na cha kusoma mpaka siku ya kuhama.

Kwa hali yake, EWS inamfaa leo na haimfai kesho, Graph inamfaa kesho na haimfai leo. IMAP peke yake ndiyo inayoishi pande zote mbili. Exchange Online bado inaipokea, sharti moja tu: kuingia kwa nenosiri la kawaida walikuzima tangu Oktoba 2022, unatakiwa uje na tokeni ya OAuth (kibali cha muda badala ya nenosiri), ile wanaiita XOAUTH2.

chuma_cha_reli

Hapo kwenye kuhama nakubali, sikuisoma vizuri. Ila nasisitiza neno moja: IMAP haina `SyncState`. Atajuaje kipi kipya? Asije akatafuta UNSEEN (zisizosomwa), maana karani akifungua barua kabla ya programu, barua hiyo programu haitaiona kamwe.

MzeeWaPosta

Vijana, mmefika mahali penyewe. Nimeendesha seva za barua muda mrefu, tangu siku za Sendmail, na tatizo la kusoma barua sijawahi kuliona likimshinda mtu. Tatizo linalowashinda ni kujua ni ipi wameshaishughulikia. Njia zote hizi mnazozitaja zinatofautiana hapo kuliko popote.

Nawapa kisa. Kuna ofisi niliwahi kuihudumia, siitaji. Walikuwa na Dovecot, programu ya seva ya barua, na programu yao ilisoma maombi ya wateja kwa IMAP, ikaweka kumbukumbu ya UID ya mwisho iliyosoma. Ikawafanyia kazi miaka mitatu bila shida. Siku moja diski ikafa, wakarudisha nakala ya akiba. Barua zote zikarudi, hakuna iliyopotea, watu wakashukuru. Lakini aliyeandaa nakala ya akiba alichukua barua tu, akaacha faili dogo linaitwa `dovecot-uidlist` akidhani ni takataka. Humo ndimo Dovecot inamoandika UID ya kila barua. Lisipokuwepo inagawa namba upya, na inabadilisha namba nyingine inayoitwa UIDVALIDITY ili kuwaambia wanaosoma: hesabu zenu za zamani zimekufa, anzeni upya.

Programu yao haikuwahi kuisoma UIDVALIDITY. Ikaona UID mpya, ikashughulikia barua zote za miaka mitatu. Wateja wakaanza kupata SMS usiku wa manane: "Tumepokea ombi lako." Mtu mwenye ombi la zamani alilokwisha kulipwa anaambiwa limepokelewa. Wengine walikuja ofisini asubuhi na risiti mkononi. Nilikuwa pale, niliwaona wakisimama foleni.

Kwa hiyo dada, IMAP ina jibu lake: UID pamoja na UIDVALIDITY pamoja na jina la folda. Vitatu hivyo kwa pamoja ndivyo kitambulisho, UID peke yake si kitambulisho. Ukifungua folda seva inakutajia UIDVALIDITY mwanzoni kabisa. Ikiwa si ile uliyoandika jana, simama. Usichakate chochote, mpigie mtu kengele.

BintiKurasini

Shikamoo mzee. Kisa hicho kimenitoa jasho, kwa sababu msimbo wangu wa jana ulikuwa unahifadhi UID peke yake.

Swali: siwezi kutumia Message-ID iliyo kwenye vichwa vya barua? Hiyo inatoka kwa mtumaji, haibadiliki hata tukihamia Exchange Online. Nikiifanya ufunguo kwenye databesi yangu, si nitakuwa salama popote?

MzeeWaPosta

Marahaba binti yangu. Umefikiri vizuri, na Message-ID uiweke. Ila usiifanye ufunguo pekee. Kuna mashine za kuskani na mifumo ya zamani ya kampuni za meli inayotuma barua bila Message-ID. Kuna barua moja inayotumwa kwa anwani mbili, zote mbili zikaangukia sanduku lenu hilo moja: Message-ID ni ile ile, nakala ni mbili. Na kuna anayeituma tena barua ile ile baada ya kuongeza kiambatisho alichosahau, programu yake ikabaki na Message-ID ya mwanzo. Hiyo ya mwisho ukiiruka kwa kudhani umeshaisoma, umeitupa B/L yenyewe.

FundiSeva

Naongezea hapo kwa mzee. Kwenye kazi yako kinachoshughulikiwa ni nyaraka, barua ni bahasha tu. Chukua alama ya SHA-256 ya kila kiambatisho, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo. Wapo mawakala wa meli wanaotuma faili kila siku kwa jina `BL.pdf`, leo rasimu, kesho iliyosahihishwa, keshokutwa ya mwisho. Jina ni moja, yaliyomo ni tofauti, SHA-256 inakwambia. Na kinyume chake, faili ile ile ikitumwa mara tano na watu watano, unaiona ni moja.

Mimi ningekuwa na jedwali lenye folda, UIDVALIDITY, UID, Message-ID, muda wa kuingia, SHA-256 ya kila kiambatisho, na hali: imeingia, imesomwa na programu, imehakikiwa, imekataliwa. Hilo ndilo daftari lako. Seva ibadilike, njia ibadilike, daftari linabaki.

Nyamagana255

Na msidhani njia mpya zimelimaliza tatizo hili la kitambulisho. Kwenye EWS na kwenye Graph pia, kwa kawaida kitambulisho cha barua kinabadilika barua ikihamishwa folda. Karani akiiburuta kwenda folda ya "Zimeshughulikiwa", ile namba ndefu uliyohifadhi haifunguki tena, unapata jibu kwamba haipo.

Graph ina dawa. Kwenye kila ombi weka kichwa hiki:

`Prefer: IdType="ImmutableId"`

Ukikiweka, kitambulisho kinabaki kile kile barua ikizunguka ndani ya sanduku hilo. Lakini lazima ukiweke tangu ombi la kwanza. Mimi nilikigundua nikiwa na rekodi elfu kadhaa za namba za kawaida, ikabidi nizigeuze zote. Kuna ombi la kuzigeuza, linaitwa `translateExchangeIds`, linachukua mpaka 1,000 kwa mara moja. Kazi ya siku nzima ambayo mstari mmoja ungeizuia.

Mlikoni

Salaam kutoka Mombasa. Hakuna aliyeitaja JMAP, itifaki nyingine ya kusoma barua, na mimi naipenda, kwa hiyo niseme.

IMAP ilianzishwa na Mark Crispin kule Stanford mwaka 1986. Iliundwa kwa ajili ya mtu mwenye muunganisho usiokatika. Sisi tunajua muunganisho usiokatika ni habari ya watu wengine. JMAP ilitoka kama kiwango rasmi mwaka 2019, RFC 8620 na 8621, ikiwa imepikwa kwa sehemu kubwa na watu wa Fastmail. Ni JSON juu ya HTTP. Kila kitu kina `state`, unauliza `Email/changes` tangu state fulani, unapewa tofauti. Na unaweza kufunga maombi kadhaa kwenye safari moja, ombi la pili likatumia jibu la kwanza. Kwa mtandao wa simu wenye kuchelewa, safari moja badala ya sita unaiona kwa macho.

Kwa dada haitamsaidia, Exchange haiongei JMAP, wala Gmail. Nimeandika kwa ajili ya wengine watakaosoma uzi huu wakiwa na seva zao wenyewe: Cyrus inaiongea, Stalwart inaiongea. Kama unajenga upya na seva ni yako, usirudi IMAP kwa mazoea.

Kwa upande wako dada, nakuuliza kwa nini uende kuchota barua kabisa? Weka kanuni kwenye Exchange, kila barua inayoingia sanduku hilo nakala yake iende kwenye anwani ya ndani, mashine yako ya Linux iwe na Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua), Postfix iikabidhi kwa programu yako. Barua inakufuata yenyewe. Ukiwa umezima mashine, Exchange inaishika kwenye foleni na kujaribu tena, kwa kawaida mpaka siku 2.

BintiKurasini

Mlikoni asante sana, hilo halikuwa akilini mwangu kabisa. Ila naona mambo mawili. Barua za nyuma sitazipata, na tuna kama miezi minne ya mizigo ambayo haijafungwa. Pili, karani akiikataa barua au akiihamisha, programu yangu haitajua, kwa sababu ina nakala tu. Nataka mwishoni programu iweze kuiweka barua kwenye folda ya mteja wake.

Mlikoni

Hapo umenijibu. Kama unahitaji kurudisha kitu kwenye sanduku, nakala haitoshi. Nenda na IMAP.

chuma_cha_reli

Basi kama ni IMAP, usiwe unauliza kila sekunde 10. Tumia IDLE (amri ya IMAP ya kusubiri), ipo tangu RFC 2177 ya mwaka 1997 na Exchange inaikubali. Unafungua muunganisho, unatulia, barua ikiingia seva inakwambia. Kila dakika 29 uifunge na kuifungua tena, kwa sababu seva ina haki ya kukukata ukikaa kimya dakika 30. Na hata ukiwa na IDLE, kila baada ya robo saa pitia kwa UID: "nipe zote zilizo juu ya UID yangu ya mwisho." Ruta ikizimika na kuwaka, muunganisho unaweza kufa bila programu yako kujua, ikabaki inasubiri seva ambayo haipo. Nimeiona ikisubiri hivyo kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu.

Nyamagana255

Nizungumzie ruhusa, maana watu wanaliacha mwisho na ndilo linaloumiza.

Kwenye seva yenu ya sasa, tengeneza akaunti maalumu ya programu, ipewe haki kwenye sanduku la nyaraka tu. Kuingia sanduku la pamoja kwa IMAP jina linaandikwa hivi: `DOMENI/akaunti/sanduku`. Mwambie msimamizi awashe IMAP kwa akaunti hiyo na aizime kwa wengine wote, `Set-CASMailbox` inafanya hivyo. Usitumie akaunti ya karani, na usitumie yako.

Mkihama, kuwa makini zaidi. Graph ina ruhusa za aina mbili: za mtu aliyeingia, na za programu yenyewe. Programu inayojiendesha usiku inahitaji za pili. Ukiipa `Mail.Read` ya aina hiyo, umeipa masanduku YOTE ya kampuni. Ofisi moja niliyoitembelea walikuwa na programu ya kusoma ankara za wahasibu. Nikaandika ombi moja, nikabadilisha anwani tu nikaweka ya afisa utumishi kwa idhini yake, barua zikaja. Mishahara, barua za onyo, vyeti vya hospitali vya watumishi. Siri ya programu hiyo ilikuwa kwenye faili la kawaida ambalo vijana wa mafunzo kwa vitendo walikuwa wanalifungua.

Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jirani zetu Kenya wana yao ya 2019. Sanduku lenu lina nakala za pasipoti na namba za NIDA za waagizaji. Kwa hiyo ile mashine ya Linux iweke hapo ofisini. Kukodi seva Ulaya kwa bei nafuu ni kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na sheria ina masharti yake juu ya hilo.

BintiKurasini

Nilikuwa nimeshakodi seva Ujerumani. Naifunga kesho. Kuna mashine ya zamani stoo, nitaweka Debian.

---

BintiKurasini (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nimeenda na IMAP. Programu nzima inaijua seva kupitia vitendo vinne tu: nipe zilizobadilika tangu alama hii, nipe barua hii, nipe viambatisho vyake, ihamishie folda hii. Nyuma ya vinne hivyo ndiko kuna imaplib. Siku ya kuhama nitaandika vinne hivyo kwa Graph, vingine vyote vibaki. Daftari la FundiSeva nimelitumia kama alivyolitaja, na UIDVALIDITY ikibadilika programu inajizima na kunitumia ujumbe wa simu. Nimeijaribu kwa kubadilisha namba kwenye databesi kwa makusudi. Ikazima.

Kusoma ni kwa EXAMINE, kuhamisha ni kwa muunganisho mwingine, na haugusi barua ambayo karani hajaihakiki.

Kilichonitesa sikukitegemea. Wasafirishaji wengi wanatuma barua ndani ya barua: wanaambatisha barua nzima ya wakala wa China, na PDF imo humo ndani. Programu yangu ilikuwa inaangalia viambatisho vya juu tu, inaona "hakuna PDF". Siku ya kwanza zilikuwa 31. Ikabidi ishuke ngazi kwa ngazi, kila ikikuta `message/rfc822` inaifungua na kuanza upya. Majina ya faili nayo: `=?UTF-8?B?` halafu herufi zisizosomeka. Kwa bahati Python inayafungua ukitumia `policy.default`.

Makarani sasa wanahakiki. Jana barua 340, wamemaliza saa nane na nusu mchana. Zilizoshindikana 22, nyingi ni picha za simu zilizopigwa kwa pembeni. Dada aliyenipigia asubuhi ile ndiye ananiandikia orodha ya makosa kwenye daftari lake la mkono kila jioni, na anaona vitu ambavyo mimi sivioni.

FundiSeva

Safi sana dada. Ukifika Graph kumbuka huko barua ndani ya barua inaitwa `itemAttachment`, na faili la kawaida ni `fileAttachment`. Ni shimo lile lile kwa jina jingine.

chuma_cha_reli

Hongera. Na kwa Graph usihangaike na zile taarifa za kusukumwa. Zinataka anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje, na kwa barua usajili wake hauvuki siku 7, lazima uuhuishe. Mashine yako iko nyuma ya ruta ya ofisi. Tumia `delta` (ombi la kupewa yaliyobadilika tangu mara ya mwisho), uulize kila dakika moja au mbili. Kikomo ni maombi 10,000 kwa dakika 10 kwa programu kwa kila sanduku, na yasizidi manne kwa wakati mmoja. Hutakaribia. Ukipata 429 (umezidisha maombi), soma `Retry-After` na usubiri sekunde hizo.

BintiKurasini

Nimepokea. Swali la mwisho kwa @Nyamagana255. Tumefungua akaunti ya majaribio ya Exchange Online yenye masanduku mawili, la nyaraka na la mkurugenzi. Nimefuata maelekezo ya kuibana programu: `New-ManagementScope` yenye sanduku la nyaraka tu, kisha `New-ManagementRoleAssignment` ya `Application Mail.Read`. Lakini programu bado inasoma la mkurugenzi.

Nyamagana255

Nenda Entra (mfumo wa Microsoft wa akaunti na ruhusa) uangalie ruhusa za programu hiyo. Nahisi `Mail.Read` ya mwanzo bado ipo. Ruhusa za Entra na hizi za Exchange zinajumlishwa, hazibanani. Ukiwa na zote mbili, pana zaidi ndiyo inayofanya kazi. Iondoe ya Entra kabisa, ubaki na ya Exchange. Halafu pima kwa `Test-ServicePrincipalAuthorization`, amri hiyo inajibu papo hapo. Programu yenyewe inaweza kuchelewa kuyaona mabadiliko.

BintiKurasini

Ilikuwepo kweli. Nimeiondoa. Sanduku la nyaraka, `InScope` ni True. La mkurugenzi ni False. Nikasubiri mpaka jioni nikaijaribu na programu yenyewe, imekataliwa na 403. Nimepiga picha ya majibu yote mawili nimpelekee mkurugenzi kesho asubuhi, kabla hajasaini mkataba wa kuhama.